Mbwa Mkali: Ni Mbegu au ni Malezi?

Ukipita mitaa ya Rwamishenye na Kashai hapa Bukoba, utaona maneno "Mbwa mkali" kwenye mageti mengi kuliko majina ya wenye nyumba. Wakati mwingine ndani hamna mbwa kabisa, na wezi hulijua hilo kabla yetu. Lakini akiwepo, hatuulizi amekuwaje mkali. Tunadhani kazaliwa hivyo, kama pilipili.

Swali hili limeletwa na ndugu yetu mmoja wa Kamachumu, wilayani Muleba. Ana kibanja cha migomba na kahawa, na pembeni amepanda vanila. Wanaoijua bei ya vanila wanajua pia kwamba huibwa ingali mbichi mtini. Anataka mbwa wa ulinzi, na ameshauriwa atafute mbegu ya kizungu, wale wenye vichwa vipana. Mkewe amekataa katakata: wana watoto wanne, wa mwisho ana miaka mitatu, na mbwa wa mbegu ile, asema, ana damu ya kuua. Mume hujibu kwamba mbwa hufuata mkono unaomlea. Wametuomba tuwaamue.

Upande wa sheria hautuchukui muda. Mtume (SAW) ametuonya tusifuge mbwa pasina haja, akawatoa katika onyo hilo mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba. Kibanja ni shamba. Mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi na ajengewe banda nje. Linalobaki ni hofu ya mama, nayo yastahiki jibu pana zaidi.

Aya ya 4 ya Sura Al-Maida, inapohalalisha windo, inawataja wenye kuwafunza wanyama wa kuwindia, na neno la Kiarabu lililotumika kwa wafunzaji hao limetokana na kalb, yaani mbwa. Mafakihi wa Kishafii walipoweka masharti ya mbwa wa mawindo waliuliza: akitumwa huenda? Akikatazwa husimama? Akikamata hujizuia kula? Hawakuuliza mbegu yake. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja kafunzwa na mwingine hakufunzwa, mawindo yao yana hukumu mbili tofauti.

Hata hivyo, mama anayeihofia damu hasemi upuuzi. Mwaka 1959, huko Novosibirsk katika Siberia, mwanasayansi Dmitry Belyaev alianza kuzalisha mbweha waliokuwa wakifugwa kwa ajili ya manyoya yao, kila kizazi akichagua wapole tu. Baada ya vizazi vichache walipatikana mbweha wenye kumtikisia binadamu mkia. Baadaye likatengwa kundi la pili, la wakali waliozalishwa na wakali. Watoto wa kundi hili walipopewa mama wapole wawanyonyeshe na kuwalea, hawakugeuka wapole. Damu, basi, ina neno lake.

Ila damu ya baba na mama ni jambo moja, na jina la mbegu ni jambo jingine. Hapa ndipo wengi tunapochanganya. Mwaka 2022 jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti uliokusanya maelezo ya wafugaji kuhusu mbwa zaidi ya 18,000 na kuchunguza vinasaba vya zaidi ya 2,000 kati yao. Mbegu ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa na mbwa. Wepesi wa kusikia maelekezo ulifuata mbegu kwa kiasi. Wepesi wa kuchokozeka karibu haukuifuata kabisa. Uingereza ilipiga marufuku mbegu nne kwa sheria ya mwaka 1991, na bado idadi ya wanaolazwa hospitali kwa kuumwa na mbwa ikaendelea kupanda. Uholanzi nayo iliifuta marufuku yake mwaka 2008.

Kitu ambacho mbegu hutoa bila shaka ni mwili. Mbwa wetu wa kienyeji akimng'ata mtu mzima huacha jeraha. Mbwa wa kilo sitini akimrukia mtoto wa miaka mitatu ni msiba. Kwa hiyo mke yuko sahihi kumkataa mbwa yule, ingawa sababu aliyoitoa siyo.

Sasa malezi. Wamarekani Scott na Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965, walionyesha kuwa kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili tangu kuzaliwa, mtoto wa mbwa hujifunza nani ni wake na nani ni adui. Akiona watoto wakicheza, wageni wakiingia, mzee mwenye bakora, pikipiki, mbuzi, vyote hivyo huwa sehemu ya dunia yake. Sisi hutenda kinyume. Huchukuliwa kabla hajaacha kunyonya, akafungwa mgombani mchana kutwa "asizoee watu", na wapo wanaomtilia pilipili katika chakula ili awe mkali. Utafiti wa Denver, Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, uliwakuta mbwa wa kufungwa mnyororo kwa wingi zaidi miongoni mwa waliouma watu. (Uliwataja pia mbwa wa kipolisi wa Kijerumani, sitaki kuficha.) Aliyefungwa hawezi kukimbia anapoogopa, hivyo hubakiwa na meno. Usiku akifunguliwa, atamtofautishaje mwizi na jirani aliyekuja kuomba gari la kumpeleka mjamzito hospitali?

Wanazuoni wameandika kwamba mwenye kufuga mbwa anayejulikana kwa kuuma, kisha akamwachia akajeruhi mtu, anadhamini. Kibao cha getini hakimwondolei dhamana ya mbwa anayezurura barabarani. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haimruhusu mtu kumtesa mnyama kwa kisingizio cha ulinzi.

Kwa ndugu yetu wa Kamachumu nasema: achukue mbwa wa kienyeji wa wiki nane hivi, kutoka kwa mama anayefahamika mtaani kwa utulivu, na mkewe ndiye akamkague mama huyo kabla fedha haijatolewa. Apate chanjo ya kichaa kwa afisa mifugo, na isirudiwe kwa kubahatisha. Mbwa mpole anayegeuka ghafla, akadondosha mate na kuuma chochote, hana kosa la mbegu wala la malezi. Huo ni ugonjwa, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Yapo pia malezi ambayo sisi tusiofuga tunawapa mbwa wa majirani bure. Kila alasiri watoto wetu huenda madrasa kwa kanzu na kofia, na kila mbwa wanayekutana naye hupigwa mawe, kwa kuwa wamesikia ni najisi. Najisi ni hukumu ya tohara. Haikumpa mtoto ruhusa ya jiwe. Walimu wanaowafundisha kuosha chombo mara saba wawasimulie pia yule mtu aliyesamehewa na Allah kwa kushuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu. Mbwa anayepigwa na wenye kanzu kila siku atajifunza kuichukia kanzu, na atakayelipa deni ni mzee anayekwenda Alfajiri peke yake gizani.

Kamati ya msikiti wetu imelizungumza hilo na ustadhi. Sasa watoto hutoka kwa makundi, mkubwa akiwa mbele, na mfuko unaokutwa na mawe humwagwa pale pale mlangoni.