Mtihani Usioshindwa kwa Kukariri

Mwaka 1913, Chuo Kikuu cha Cambridge kilipotahini kwa mara ya kwanza ustadi wa Kiingereza wa watu waliozaliwa katika lugha nyingine, watahiniwa waliojitokeza walikuwa 3 tu, nao baada ya kutoa ada ya paundi 3 kila mmoja, na kukalishwa kwa muda wa saa 12 wakitafsiri, wakitunga insha, wakijibu maswali ya sarufi na ya matamshi, wakisoma kwa sauti na kuzungumza mbele ya mtahini, walianguka wote. Leo mtihani huo ni wa saa 4 hivi, tafsiri imeondolewa, na kando yake imesimama mitihani mingine, TOEFL ya Wamarekani tangu 1964 na IELTS tangu 1989, ambayo aghalabu ndiyo inayotakiwa na vyuo vya ng'ambo, idara za uhamiaji na mabaraza ya wauguzi; walakini taabu ya kuanguka haikuondoka pamoja na saa zilizopunguzwa.

Baada ya Kenya na Uingereza kutiliana saini, mwaka 2021, mapatano ya kuajiri wauguzi wa Kenya huko Uingereza, aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alieleza hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliotahiniwa Kiingereza waliofaulu walikuwa 10. Hawa si watu wasiojua Kiingereza: walisomeshwa kwa lugha hiyo tangu utotoni, na kwayo wakaandika taarifa za wagonjwa na kupokea stashahada zao. Mtu anaweza kulalamika, nami nitamwunga mkono, kwamba si insafu raia wa nchi ambayo katiba yake imekitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi adaiwe ushahidi ambao Mjamaika aombaye viza ya Uingereza hadaiwi. Lakini malalamiko hayo, hata yakikubaliwa, hayafafanui sababu ya kuanguka.

Sababu, kwa rai yangu, ni uchache wa hoja zaidi ya uchache wa maneno. Insha ya pili ya IELTS humpa mtahiniwa kama dakika 40 aandike maneno yasiyopungua 250 juu ya jambo lenye mabishano, na ile ya Cambridge humwekea maandiko mawili yenye mitazamo mbalimbali, ikamtaka ayafupishe, ayapime, kisha atoe hukumu yake mwenyewe. Kijana wetu, ambaye kidato baada ya kidato alinakili ubaoni na kusifiwa kwa kurejesha alichonakili, hukutana na swali la namna hiyo akiwa na msamiati wa kutosha ilhali hana la kusema. Ndipo hukimbilia madarasa ya jioni, auziwe vifungu vya mwanzo na vya mwisho vya kuhifadhi kwa moyo, navyo watahini wamekwisha kufunzwa kuvitambua na kuvinyima alama.

Kwa hiyo nasaha yangu huenda ikamshangaza atakaye Kiingereza cha juu: aanze kwa Kiswahili. Achukue jambo lililo karibu naye, mathalani bei ya korosho au ada za shule za binafsi, alitetee kwa ukurasa mmoja, na siku ya pili aandike ukurasa wa kulipinga kwa nguvu ile ile, bila ya hila wala dhihaka. Asiyeweza kufanya hivyo katika lugha anayoiwazia hataweza katika lugha ya kuazima. Sanaa hii si ngeni kwetu, kwani Shaaban Robert alitutolea Kielezo cha Insha mwaka 1954. Zoezi hilo likizoeleka, lihamie katika Kiingereza kila juma, chini ya jicho la msahihishaji asiye na huruma, na badala ya orodha za maneno magumu yasomwe makala marefu, hasa yale ambayo msomaji hakubaliani nayo.

Kuna na jambo la adabu, ambalo vitabu vya maandalizi havilitaji. Sisi tulilelewa kwamba mbele ya mkubwa maneno machache ndiyo heshima, na kijana mwenye malezi mema, akiulizwa na mtahini, hujibu kwa neno moja, huinamisha macho, hungoja swali jingine. Katika mazungumzo ya IELTS, ambayo huchukua dakika 11 hadi 14, ukimya huo huhesabiwa kuwa ni upungufu wa lugha. Na Cambridge, ambako watahiniwa wawili hukaa pamoja, kuna hatari ya upande wa pili, maana anayemfunika mwenzake kwa maneno naye hapati alama za kushirikiana. Haya hayafunzwi kwa karatasi za mitihani iliyopita. Hufunzwa kwa kubishana kwa staha, barazani au penginepo, mara nyingi.

Matokeo ya IELTS kwa kawaida hukubaliwa kwa miaka 2 tu, hivyo mwenye kufanya haraka, kabla ya wakati wa kuyatumia, huweza kulipa ada mara mbili. Na mwalimu wa jioni anayeahidi alama 7 kwa majuma mawili aulizwe kwanza ni insha ngapi atakazozisahihisha kwa mkono wake katika majuma hayo, na ada itolewe baada ya jibu.