Anayeuguza Naye Apimwe

Kila mwaka, Waheshimiwa Wawakilishi wanapokutana Chukwani kujadili bajeti ya Wizara ya Afya, hesabu nyingi husomwa mbele yao: majengo, vitanda, dawa, chanjo. Ni hesabu za lazima, wala hatuzibezi. Lakini tunauliza: muuguzi aliyekesha zamu ya usiku Mnazi Mmoja, au mkunga wa kituo cha shamba, hali yake yeye inapimwa na nani?

Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ilitangaza matibabu bure. Tangu hapo mwananchi wa Unguja na Pemba ameiona hospitali kuwa haki yake, na iwe hivyo. Lakini haki ya mgonjwa hubebwa na mikono ya mtu. Dawa zikikosekana, yeye ndiye anayeambiwa maneno. Wodi ikijaa, yeye ndiye anayezidishiwa mzigo. Wahenga walisema: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Hatuwezi kuifanya methali hiyo kuwa sera ya afya.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu huchakazwa na kazi pale dhiki ya kazini inapodumu bila kushughulikiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona kwamba kazi haifanyiki ipasavyo. Tuitazame dalili ya pili. Mara ngapi tumelalamika kwamba muuguzi ana ulimi mkali, kwamba hamtazami mgonjwa usoni? Matusi hayana udhuru, na mgonjwa aliyetukanwa ana haki ya kulalamika. Hata hivyo, anayetaka kuondoa ukali huo hana budi kutafuta unapotoka. Pengine unatokana na tabia. Pengine ni moyo uliochakaa. Bila kupima hatutajua.

Kupima hakuhitaji mashine. Tangu 1998 liko dodoso fupi la Shirika hilo lenye maswali matano. Linamwuliza mtu kama, katika wiki mbili zilizopita, alikuwa mchangamfu, mtulivu na mwenye nguvu. Kama aliamka akiwa amepumzika. Na kama siku zake zilikuwa na mambo ya kumvutia. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 5, na jumla huzidishwa kwa 4 ili kupata alama kati ya 0 na 100. Anayepata chini ya 50 anastahili kuangaliwa zaidi. Dodoso hilo limekwisha kujaribiwa kwa Kiswahili huko Kilifi, pwani ya Kenya, kwa watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI au kifafa. Kwa hiyo lugha si kisingizio.

Hata hivyo, kipimo bila haki huwa upelelezi. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, majina yasiandikwe, na majibu yasipitie mikononi mwa mkuu wa kituo. Anayeogopa kuhamishwa hatasema kweli. Pili, matokeo yarudishwe kwa wafanyakazi wenyewe, kisha yasomwe Chukwani pamoja na hesabu za dawa na vitanda. Tatu, kila matokeo yafuatwe na tendo: zamu zipangwe upya, likizo zitolewe, nafasi zilizo wazi zijazwe. Kumwuliza mtu amechoka kiasi gani, kisha kumrudisha kwenye zamu ile ile, ni kumwongezea uchungu.

Wako watakaosema kwamba fedha ni chache, na mgonjwa ndiye wa kwanza. Tunakubali kwamba mgonjwa ni wa kwanza. Ndiyo sababu tunamtetea anayemhudumia. Mkono uliochoka hukosea kipimo cha dawa. Aidha, Mkataba Na. 149 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 1977, unataka wauguzi wapate masharti yaliyo sawa na ya wafanyakazi wengine wa nchi yao, au bora kuliko hayo, katika saa za kazi, mapumziko, likizo na uzazi. Hilo ni deni, si fadhila.

Ndugu wasomaji, Mwakilishi wenu anapokuja jimboni, muulizeni habari za dawa na vitanda. Kisha muulizeni pia: wanaotuuguza, wao wazima?