Tusiwabandike Wagonjwa Majina



Mjini Lubumbashi, kijana anapoanza kusema peke yake, au anapojifungia chumbani siku nyingi, jina la ugonjwa wake hutangulia maswali. Majirani husema: amelogwa. Katika vyumba vya maombi husema: ana pepo. Nasi katika vikundi vya parokia twasema: mvivu huyo, imani yake imepoa. Hakuna aliyemwuliza analalaje. Twaipinga desturi hiyo, wala hatujitoi sisi makatekista katika hesabu ya wakosaji.

Mwimbaji mmoja wa kwaya yetu alifungishwa chakula na kuombewa miezi mizima, huku akizidi kudhoofika. Sisi wenyewe tulimsindikiza, tukiimba. Alipofikishwa kwa daktari, alikuwa amekwisha kuacha masomo. Kosa lile ni letu.

Daktari wa magonjwa ya akili hana chombo cha kupimia huzuni. Kwa hiyo huuliza sana: hali hii ilianza lini? Walalaje? Wanywa nini? Wasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Umewaza kujiua? Huwasikiliza na jamaa. Damu huipima ili kutafuta visababishi vingine, maana malaria iliyopanda kichwani au kaswende ya siku nyingi yaweza kuvuruga akili, na lutuku vilevile. Kisha huangalia muda. Kadiri ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, huzuni ya siku mbili si sonona, ile ambayo wengi huiita depresio. Sharti moyo uwe umezama, au hamu ya mambo iwe imekwisha, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na dalili nyingine kama kukosa usingizi na kujilaumu kupita kiasi. Kwa skizofrenia, dalili sharti zidumu mwezi 1 au zaidi. Lakini mwombezi wa mtaani hutoa hukumu kabla chai haijapoa!

Watatuambia: mnaikana nguvu ya sala. La hasha! Kanisa lenyewe lina uangalifu kuwapita. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa yamkataza yeyote kuwapunga pepo waliopagawa bila ruhusa maalumu ya mkuu wa Kanisa la mahali. Kitabu cha ibada hiyo, kilichotolewa mwaka 1999, chamwonya padre asiharakishe kuamini kwamba mgonjwa wa nafsi amepagawa. Nayo Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi.

Tena hapa mjini petu Mabruda wa Upendo wana kituo cha magonjwa ya akili chenye jina la Joseph Guislain, daktari wa Ghent, Ubelgiji, ambaye katika karne ya 19 alipigania wagonjwa watendewe kama watu, wasifungwe minyororo. Watawa hao husali, na watawa hao hao hutibu. Nani basi aliyetutenganishia sala na dawa?

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Kumwita mgonjwa mchawi ni uongo huo huo, hata ukisemwa kwa magoti. Basi, mwenzetu anapobadilika, tumwulize kwanza analalaje, tumsikilize, tumfikishe kwa daktari. Akitaja kifo, tusimwache peke yake hata usiku mmoja. Kisha tusali naye, naye aendelee kumeza dawa zake.