Kuvamiwa kwa tovuti: Tumuulize fundi pia

JANUARI 2012, mdukuzi aliyesemekana kuwa wa Indonesia alizivamia tovuti 103 za serikali ya Kenya. Ni rahisi kumlaani mvamizi, na sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018 imemlenga yeye. Swali gumu ni nani aliyeuacha mlango wazi.

Mwananchi anapojaza fomu mtandaoni, maandishi yake hupokewa na programu iliyo kwenye seva, nayo huyaweka ndani ya amri inayotumwa kwa hifadhidata. Fundi mzembe huyaweka jinsi yalivyo. Mjanja akiandika kipande cha amri mahali pa jina lake, hifadhidata huitii kana kwamba imetoka kwa mwenye nyumba. Kinga yake ni ya miaka mingi na haina gharama kubwa: amri hutayarishwa kwanza, kisha maandishi ya mgeni huingizwa kama data tupu isiyoweza kugeuka amri. Aidha, programu ya kutafuta jina haifai kupewa uwezo wa kusoma daftari zima.

Kampuni ya simu ya TalkTalk nchini Uingereza ilipuuza hayo. Oktoba 2015 ilipoteza data ya wateja 156,959 kwa mbinu hiyohiyo, na miongoni mwa waliohusika alikuwemo kijana wa umri mdogo. Kurasa zilizovamiwa ziliachwa na kampuni nyingine, Tiscali, ambayo TalkTalk iliinunua 2009. Hakuna aliyezikumbuka. Ilitozwa faini ya pauni 400,000.

Hapa kwetu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 iliweka faini ya hadi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Yaani hata kampuni ya mabilioni haivuki milioni tano! Uzembe wa namna hiyo ni nafuu kuliko kuajiri mkaguzi.

Kwa hivyo nguvu iliyobaki imo katika mkataba. Ofisi ya umma inayonunua tovuti izuie malipo ya mwisho hadi fomu zote zijaribiwe na mtu asiyeziandika, na itaje kwa maandishi atakayezitunza mwanakandarasi akishaondoka.