Usiseme Wamezoea

Kaa chini ya turubai la msiba hapa Awindiri, Arua, kwa nusu saa tu, utaisikia kauli hiyo. Vijana wanapanda kutoka shimoni, udongo mwekundu umewajaa hadi kwenye kope, na mtu aliyeketi kitini anasema: hao wamezoea. Mhudumu wa mochari anasukuma kitanda bila kukunja uso: amezoea. Mpiga ngoma analiita jina la marehemu kwa wimbo wakati mjane ameanguka: huyo yuko kazini, amezoea. Watu wazima wenye akili zao, na viongozi wa dini miongoni mwao, wanaamini kwamba anayeishi na mauti kila siku huota sugu moyoni, uchungu usimwingie tena. Imani hiyo ni ya uongo, tena ni uongo wenye faida kwa wanaousema.

Mtazame fundi seremala anayetengeneza majeneza kando ya barabara. Jeneza la mtu mzima hulipigilia misumari huku akiongea na wapita njia. Akiletewa kamba fupi yenye fundo, kipimo cha mtoto, maongezi hukatika. Nimemwona mmoja akipiga randa mbao kwa upande wa ndani, upande ambao hakuna mwombolezaji atakayeuona, hadi ukawa laini kuliko ule wa nje. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema mtoto atalala humo. Dakika chache baadaye akafika mjomba wa marehemu, akaanza kuvutana naye bei kwa sauti, kana kwamba ananunua mbuzi. Kati ya hao wawili, aliyeota sugu ni yupi?

Au nenda Koboko, kwenye nyumba ya Waislamu, Wanubi au Wakakwa, siku wanapomwosha maiti wao. Mwosha humimina maji polepole, hugeuza mwili kwa upole kama anayemwogopea asiamke, husitiri uchi muda wote. Akitoka humo hasemi alichokiona, kwa kuwa dini imemkabidhi siri ya marehemu. Sisi tulioko nje tunauona uso wake mkavu na kimya chake, tunatoa hukumu. Wahenga walikwishasema mwosha huoshwa, na mwosha analijua hilo kila anapokunja mikono ya kanzu. Hakuna mtu pale uani aliye karibu zaidi na kifo chake mwenyewe kuliko yeye.

Wasanii ndio wanaoonewa zaidi. Inadaiwa kwamba anayeweza kuimba msibani hana msiba. Haya, Shaaban Robert alipofiwa na mkewe alimtungia Amina shairi lenye vina na mizani iliyotimia. Nani amewahi kusoma shairi lile akasema mume hakuumia, maana silabi zimekaa sawa? Heshima hiyo tunampa mshairi wa kitabuni, tunamnyima mwimbaji wa Arua anayetunga akiwa amesimama kwenye vumbi mbele ya maiti.

Wazee wa Kilugbara walilielewa jambo hili kuliko sisi. Mwanaume mzima alikuwa na cere yake, mwito mrefu wa sauti ya juu uliokuwa mali yake peke yake, na mwingine kuuita lilikuwa kosa. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Walugbara kati ya 1949 na 1952, alieleza kwamba mtu akifa, mrithi wake ndiye anayeuita mwito huo, na watu wakisikia wanajua mwenyewe hayupo tena. Fikiria kazi anayopewa mrithi huyo. Atoke nje, mbele ya ukoo, atoe kooni mwake sauti ya baba aliyekufa, na asikosee. Sauti ikikatika kwa kilio, mwito umeharibika. Kwa hiyo anajikaza, na mgeni anayepita njiani atasema kijana yule ana moyo wa jiwe.

Jirani zetu Wamadi wana muziki wa kinubi chao cha bakuli, unaopigwa harusini, kwenye mavuno, kwenye usuluhishi na kwenye maombolezo. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Sababu za kudidimia kwa muziki wa namna hii ni nyingi, ila mojawapo tunaitengeneza wenyewe kila Jumamosi: tunamfukuza mpigaji kwa kuwa eti ni mlevi au mpagani, tunakodi spika.

Kuhusu ulevi, nakubali wapo wanaokunywa. Kuna mhudumu asiyeingia mochari bila kupitia kwenye waragi, na kuna wachimbaji wanaotaniana juu ya shimo. Hilo ndilo linaloletwa kama ushahidi wa sugu, na mimi nalisoma kinyume kabisa. Asiyehisi kitu anahitaji pombe ya nini? Mwenye kovu usidhani kapoa.

Tulipaswa kujifunza tangu Ebola ya Gulu ya mwaka 2000, iliyoua watu 224. Kuwagusa maiti msibani kulikuwa njia mojawapo kubwa ya kuambukizwa, kwa hiyo vikosi vya maziko vilizika badala ya ndugu. Watu wale walibeba hatari ya kila familia, na malipo yao yakawa kutiliwa shaka kwamba wanaiba viungo vya maiti. Pale hospitali ya Lacor wauguzi walikufa wakiwahudumia wagonjwa, na Desemba mwaka huohuo akafa Daktari Matthew Lukwiya aliyekuwa akiwaongoza. Corona ilipokuja tukayarudia yaleyale kwa waliovaa mavazi meupe: tuliwakimbia, tukasema hawana utu.

Faida ya uongo huu ni hii. Ukishaamini mchimbaji haumii, unaweza kumlipa chupa. Ukishaamini mhudumu wa mochari ni chuma, humuulizi kama ana glovu, wala alilala vipi usiku ajali ya basi ilipoleta watoto. Ukishaamini mwimbaji amekuja kula, unampa makombo, naye ndiye aliyekulilia ulipokuwa huna sauti.

Kamati za mazishi za Awindiri zina daftari. Humo huandikwa turubai, viti, mchele, mafuta ya jenereta. Ziandike pia malipo ya mchimbaji, mwosha na mpiga ngoma, juu kabisa ya ukurasa, na yalipwe kabla mchungaji au shehe hajapewa nauli. Wiki moja baada ya maziko, familia zinapozunguka kuwashukuru waliochanga, zipite na kwa hao watatu, ziketi, ziwaulize wanaendeleaje.