Utomvu wa Mwembe Hauui, Esanse Inaua



Hapa Kalemie jua ni kali, na kila mwenye motokari hutafuta kivuli cha mwembe. Kivuli ni kizuri. Lakini mwembe hudondosha utomvu, nao ukipigwa na jua siku mbili tatu hukauka na kushika rangi kama gundi. Ndipo baba anamwita mtoto: «Lete esanse na kitambaa!» Juu ya neno hilo ninataka tusemezane leo.

Najua utajibu nini: esanse inaondoa utomvu upesi, tena mafundi wanaitumia. Ni kweli, inaondoa. Lakini inaweza kufifiza rangi pia, na hilo ndilo dogo. Makubwa ni matatu.

Kwanza ni moto. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka kwenye mbabula ambapo mama anapika, na moto hurudi kwa njia ile ile mpaka kwenye kitambaa kilicho mkononi mwako.

Pili ni mwili. Esanse huondoa mafuta ya ngozi, mikono ikapasuka. Ndani yake mna benzeni, ambayo huharibu damu ya mtu anayeivuta kwa muda mrefu.

Tatu ni mtoto. Esanse iliyobaki hutiwa katika chupa ya limonadi na kuwekwa pembeni mwa nyumba. Mtoto ana kiu, anaona chupa anayoijua, anakunywa. Ubaya mkubwa hauko tumboni, uko mapafuni. Kwa hiyo usimtapishe! Usimpe mafuta ya mawese wala maziwa, hata jirani akisema ndiyo dawa. Akitapika, esanse hupanda na kuingia katika mapafu. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mpeleke upesi kwa munganga, na chukua chupa ile uionyeshe. Hata akionekana mzima, apelekwe, kwa maana kikohozi na kupumua kwa shida vinaweza kuja baada ya masaa kadhaa. Nawe baba unayevuta esanse kwa mpira na kinywa, hatari yako ni hiyo hiyo.

Sasa, utomvu tuuondoe namna gani? Weka motokari kivulini mpaka bati lipoe. Osha vumbi kwanza, maana mchanga hukwaruza rangi. Chovya kitambaa laini katika maji ya moto yenye sabuni, ukilaze juu ya utomvu dakika chache, kisha pangusa polepole. Ukikataa, paka mafuta ya kupikia, ngoja, pangusa tena, osha kwa sabuni. Usitumie kisu wala wembe. Mwenye haraka aoshe siku ile ile utomvu ulipodondoka. Ukiwa mbichi unatoka bila taabu. Lakini angalia ngozi yako: utomvu mbichi wa mwembe huwasha na hata kuunguza. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika 15, kisha uje tukutazame.

Wengine husema heri mwembe ukatwe. Mimi nasema hapana. Mwembe unatupa kivuli na chakula cha watoto. Kosa lake ni tone moja tu.

Rafiki, kazini huingii shimoni bila kofia, na baruti hazikai ovyo: zina ghala lake, mlango wake na mwenye ufunguo. Unakubali sheria hiyo kwa sababu unajua baruti ni nini. Mbona basi ukivuka kizingiti cha nyumba yako unaisahau? Esanse nayo ina ukali wake, na nyumbani hakuna kapita wa kukukaripia. Kapita ni wewe.

Kwa hiyo naomba neno moja kwa kila nyumba ya mfanyakazi: leo jioni, kabla ya kula, tafuteni chupa zote zenye esanse. Itieni katika bidoni yenye kifuniko na alama, iwekwe nje ya nyumba, mbali na moto na juu kuliko mkono wa mtoto. Na motokari ikibaki na doa la mwembe, ibaki nalo. Doa halijamlaza mtu hospitalini.