Mpaka ni wa serikali, ukuta ni wa moyo

Tarehe 13 Agosti 1961 watu wa Berlin waliamka wakakuta mji wao umekatwa kwa seng'enge. Kisha ukajengwa ukuta. Kwa miaka 28 ndugu wengi walipungiana mikono kwa mbali, mpaka tarehe 9 Novemba 1989.

Sisi wa Goma tunawaelewa. Mpaka wetu na Gisenyi ulikubaliwa mwaka 1910 na Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, bila kuwauliza babu zetu. Hata hivyo, mama wachuuzi wa pande zote mbili wanapita Petite Barrière na mboga kichwani. Machi 2020, mpaka ulipofungwa kwa sababu ya Covid-19, tuliona nyumba nyingi zikilala njaa, huku na ng'ambo.

Mpaka wenyewe si dhambi. Lakini vita vinatufundisha kumpima jirani kwa sura na lugha yake, hata ndani ya kanisa. Kule Berlin saruji ilibomolewa, ila Wajerumani wakaanza kusema juu ya ukuta uliobaki vichwani. Ukuta wa namna hiyo hakuna serikali itakayotubomolea. Tusome tena Waefeso 2:14, kisha Jumapili hii tumsalimu yule tunayemkwepa mlangoni.